UZI: Nimebakisha wiki tano nirudi kazini. Ziwa au kopo? Nataka waliopitia, si wahubiri

Mama_wa_Umoja (mwanzilishi wa uzi), Jumatatu saa 3:40 usiku

Habari za jioni wazazi. Naandika kwa kidole kimoja, mkono wa pili umelaliwa, kwa hiyo herufi zikipotea mnisamehe.

Binti yangu ana wiki saba, kifungua mimba. Tangu azaliwe ni ziwa tu, hata maji hajaonja. Likizo inaisha baada ya wiki tano. Kazi iko Industrial Area hapa Nairobi: natoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, na jioni nikibahatika na matatu ya Jogoo Road naingia mlangoni saa moja. Hizo ni saa kumi na tatu mtoto hana mimi.

Hapa nyumbani tuna kambi mbili. Mama mkwe amekuja kutoka Murang'a kunisaidia, na Mungu ambariki, njahi (maharage meusi) ninazokula zingetosha harusi. Lakini mtoto akilia jioni anasema ni njaa, maziwa yangu ni mepesi kama maji ya mchele, tuanze maziwa ya kopo sasa apate kuzoea. Mama yangu mzazi naye hupiga simu kila siku kunikumbusha kwamba nikileta kopo nimemdhulumu mtoto. Baba mtoto amekaa kimya, ameuliza bei tu. Jana akarudi na kopo la gramu 400 na chupa. Liko juu ya friji, halijafunguliwa. Linaniangalia.

Ninyi mlifanyaje? Ukweli, tafadhali.

Baba_Wawili, saa 4:05 usiku

Hongera mama. Mwenzangu kuuliza bei si ubahili, amini. Wetu wa kwanza alikula kopo kuanzia mwezi wa pili. Kopo la gramu 400 lilikuwa linakwisha siku ya nne, na kila moja lilinitoka zaidi ya shilingi elfu moja. Piga hesabu ya mwezi, kisha uongeze gesi ya kuchemshia maji usiku. Kuna mwezi nilinunua kopo kwa mkopo wa simu nikamwambia mke wangu nimelipwa marupurupu.

Wa pili alinyonya mwaka na miezi minane. Sasa wote wawili wako shule, wote wanakataa sukuma wiki, na siwezi kukwambia yupi ni yupi kwa kuwatazama. Mfukoni ndiko nilikojua tofauti.

Shangazi_Kayole, saa 4:31 usiku

Mwanangu, watu wa siku hizi mnajisumbua. Mpe maji ya glukosi kidogo jioni atulie, na akifika miezi mitatu mkorogee uji mwepesi wa wimbi uliochujwa. Nimelea sita hivyo.

Nesi_Zamu_ya_Usiku, saa 8:17 usiku

Shikamoo shangazi, na sita wako wawe na maisha marefu. Lakini hapo kwa glukosi na uji naomba nikupinge kwa heshima. Kabla ya miezi sita mtoto hahitaji maji, glukosi wala uji. Vinajaza tumbo bila kumlisha, na hapa mjini maji ndiyo mlango wa kuhara. Shirika la Afya Duniani na Wizara yetu ya Afya hapa Kenya wanasema jambo moja: ziwa pekee miezi 6, kisha chakula pamoja na ziwa hadi miaka 2 au zaidi.

Sasa Mama wa Umoja. Kilio cha jioni. Watoto wengi hufika kilele cha kulia wakiwa karibu na wiki ya sita, halafu kinapungua chenyewe. Kuanzia magharibi hadi saa nne atataka kunyonya, aachilie, anyonye tena, mpaka uone matiti yamelegea useme yameisha. Hayajaisha. Ziwa si mtungi unaosubiri kujazwa, linatengeneza likiwa linatolewa. Kadiri linavyotolewa ndivyo linavyoongeza. Ndiyo maana kopo la "kuongezea tu" la saa mbili usiku lina hila: mtoto analala kwa shibe, ziwa halinyonywi, mwili unaelewa kwamba kazi imepungua, na baada ya wiki mbili maziwa yamepungua kweli. Hapo mama mkwe anasema si nilikwambia.

Na hayo maji ya mchele: maziwa yanayotoka mwanzo wa mnyonyo huonekana mepesi kweli, yakiendelea mafuta huongezeka. Mwache amalize upande mmoja kabla ya kumhamisha.

Usipime maziwa kwa kilio, wala kwa kuyakamua kwenye kikombe uone ni mangapi. Tazama nepi. Wa umri huu akilowesha sita au zaidi kwa siku, anakunywa. Halafu tazama mzani. Kitabu cha kliniki kinasemaje?

Mama_wa_Umoja, saa 8:40 usiku

Nesi, kumbe tuko macho wote. Alizaliwa kilo 3.1. Siku ya tano 2.9, nikalia kliniki mbele ya watu. Wiki ya sita 4.7. Nepi sijawahi kuhesabu ila kamba ya kuanikia haitoshi.

Nesi_Zamu_ya_Usiku, saa 8:52 usiku

Kushuka kidogo siku za kwanza ni kawaida, mradi awe amerudia uzito wake kufikia wiki ya pili hivi. Kutoka 2.9 hadi 4.7? Mwonyeshe mama mkwe huo mstari kwenye kitabu. Usibishane naye, weka tu kitabu mezani karibu na chai yake.

Kopo_Bila_Aibu, Jumanne saa 1:20 asubuhi

Nimeusoma uzi wote nikiwa kwenye matatu na nimeona niseme kabla haujawa kanisa.

Mimi nilifanyiwa upasuaji wa matiti miaka miwili kabla ya kushika mimba. Maziwa yalikuja matone. Nilijaribu wiki tatu: pampu, uwatu, supu, maombi. Mtoto hakurudia uzito wake wa kuzaliwa. Daktari wa watoto aliponiambia tuanze kopo nilihisi aibu na nafuu kwa wakati mmoja. Siku moja kwenye matatu ya Rongai natoa chupa, mama mmoja nisiyemjua akaniambia, "Mama, huyo si ndama." Gari zima likacheka. Nilishuka Bomas, hata si kituo changu.

Mtoto wangu ana miaka minne na ni mzima. Kwa hiyo mnaosema kopo ni sumu, nyamazeni kidogo. Ila wanaosema kopo ni rahisi hawajawahi kulitengeneza mtaani ambako mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki.

Unga wa kopo si kitu kisicho na vijidudu, hata kama limefungwa vizuri kiwandani. Ndiyo maana maji yanatakiwa yawe ya moto, nyuzi 70 au zaidi, unapokoroga. Nilikuwa nachemsha, nasubiri isizidi nusu saa, nakoroga, halafu napoza chupa kwenye bakuli la maji baridi na kujidondoshea mkononi kabla ya kumpa. Maji kwanza, unga baadaye. Kijiko cha ndani ya kopo hilohilo, usawazishe kwa kisu safi, usishindilie. Langu lilikuwa kijiko kimoja kwa mililita 30, lakini soma lako. Alichobakisha unamwaga. Ndiyo, hata kama ni nusu chupa na roho inauma.

Na sasa nikwambie kilichonipata. Nilirudi kazini, mtoto akiwa na miezi minne akaanza kukonda. Nepi zinalowa, halii sana, lakini mashavu yanaisha. Kliniki wakaniuliza nampa vijiko vingapi, nikajibu vitano kwa 150. Jioni nikamwomba dada wa kazi atengeneze mbele yangu. Akamimina maji mpaka 150, akatia kijiko, cha pili, cha tatu, akafunga kopo. Nikamuuliza, mbona vitatu? Akaniambia, "Mama, nilikusikia ukisema kwa simu pesa zimeisha, nikaona nilipunguze lifike mwisho wa mwezi." Alikuwa ananihurumia. Nikakaa chini jikoni, sikuweza hata kumgombeza.

Ukienda kopo, hakikisha unaliweza hadi mwisho, na aliyebaki na mtoto ajue kwa nini vijiko havipunguzwi wala haviongezwi.

Baba_Wawili, saa 1:48 asubuhi

Hii ya dada imenikalia hapa kooni.

Karani_Upper_Hill, saa 4:10 asubuhi

Nifanye kazi yangu ya kuchosha watu kwa sheria, nipo idara ya wafanyakazi.

Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa miezi 3 ya uzazi kwa mshahara kamili, na likizo yako ya mwaka haipotei kwa sababu ulijifungua. Kama hujaila, iunganishe hapohapo. Wengi hawajui, sisi nasi hatuwakumbushi.

Ya pili ni Sheria ya Afya ya 2017. Mwajiri anatakiwa kuwa na chumba cha kunyonyeshea chenye pa kunawa mikono, friji, soketi ya umeme, meza ndogo na kiti cha kukalika. Tena unastahili muda wa kunyonyesha au kukamua, jumla isizidi saa 1 kwa kila saa 8 za kazi, mbali na mapumziko ya chakula.

Karatasi ni tamu. Ofisi niliyotoka, hicho chumba kilikuwa stoo yenye makatoni ya karatasi za printa na mti wa Krismasi. Na tusisahau Bunge lenyewe hapa Nairobi: tarehe 7 Agosti 2019 Zuleikha Hassan, mwakilishi wa wanawake wa Kwale, aliingia ukumbini na mtoto wake wa miezi mitano, akaamriwa atoke. Ilikuwa siku ya mwisho ya Wiki ya Kunyonyesha Duniani. Kama ni mbunge anaambiwa toka, wewe wa Industrial Area andika barua mapema na ubaki na nakala.

Mpita_Njia254, saa 4:33 asubuhi

Swali la kijinga: mbona sijawahi kuona tangazo la maziwa ya watoto kwenye runinga kama ya sabuni?

Nesi_Zamu_ya_Usiku, saa 5:15 asubuhi

Si la kijinga. Sheria ya 2012 ya maziwa mbadala inakataza kuyatangaza, kugawa sampuli za bure kwa akina mama, na kampuni kutuletea sisi wahudumu zawadi. Imetokana na kanuni za kimataifa za 1981. Utafiti wa kitaifa wa 2008 na 2009 ulikuta ni asilimia 32 tu ya watoto wa chini ya miezi 6 waliokuwa wananyonya ziwa pekee. Wa 2014 ukakuta 61. Wa 2022 ukakuta 60, yaani tulipanda kwa kasi halafu tukakaa. Maoni yangu, na ni yangu tu: tulifundisha sana hospitalini tukasahau kwamba mama anarudi kazini mwezi wa tatu.

Nesi_Mstaafu, saa 6:02 mchana

Ninyi vijana mnabishana ziwa na kopo kama mashabiki wa Gor na AFC uwanjani. Nawaletea kitu cha zamani.

Miaka ya tisini hapa Nairobi suala hili lilikuwa la kufa na kupona. Mama mwenye virusi vya UKIMWI, anyonyeshe au asinyonyeshe? Profesa Ruth Nduati na wenzake waliandikisha akina mama 425 kati ya 1992 na 1998, wakawagawa kwa bahati nasibu: hawa ziwa, hawa kopo. Na wote ilibidi wawe wanapata maji ya mfereji yaliyotibiwa. Matokeo yakatoka mwaka 2000. Kufikia miezi 24, watoto walioambukizwa upande wa ziwa walikuwa asilimia 36.7, upande wa kopo 20.5. Ungedhani mjadala umeisha. Lakini waliofariki? Asilimia 24.4 upande wa ziwa na 20.0 upande wa kopo. Wamekaribiana. Kopo liliwakinga wengi na virusi, lakini halikuwakinga na vifo kwa kiasi kilekile.

Na hao walipewa kopo na mafunzo, tena maji yao yalikuwa salama. Mimi nilikuwa wodini miaka hiyo. Wasiokuwa na maji wala pesa ya kopo la pili tuliwaona wakirudi na watoto wanaohara.

Dawa za kufubaza virusi zilipokuja, hesabu ikageuka.

Nimo_Hai, saa 7:30 mchana

Asante kwa kulitaja hili bila kunong'ona. Mimi ni mmoja wao. Natumia dawa kila siku, virusi havionekani kwenye kipimo, na mwanangu nilimnyonyesha huku naye akipewa dawa zake za kinga. Kliniki walinikazia jambo moja: miezi sita ya kwanza ziwa pekee, bila kuchanganya na chochote, na nisiruke dawa hata siku moja. Alinyonya mwaka mmoja na nusu. Kipimo cha mwisho, hana. Nilikibusu kile kikaratasi.

Kilichonisumbua si virusi, ni majirani. Ukinyonyesha wanashangaa, ukiacha wanakisia.

Shangazi_Kayole, saa 8:05 mchana

Basi uji nimeuondoa. Glukosi bado naifikiria.

Mama_wa_Umoja, Jumanne saa 4:15 usiku

Nimesoma yote mara mbili. Kitabu cha kliniki nilikiweka kando ya chai kama nilivyoambiwa. Mama mkwe alivaa miwani, akafuata ule mstari kwa kidole, akasema, "Kumbe amenenepa hivi?" Kisha akaendelea na chai yake. Sijui kama nimeshinda lakini jioni hii hajataja mchele.

Nataka kujaribu kukamua. Nianzie wapi, na friji yetu ni ndogo, stima ya mtaa wetu wa Umoja mnaijua?

Nesi_Zamu_ya_Usiku, saa 5:00 usiku

Anza sasa, usingoje wiki ya mwisho. Asubuhi matiti huwa yamejaa: mtoto akimaliza upande mmoja, kamua ule mwingine. Mkono unatosha, pampu si lazima. Nawa, vidole nyuma ya sehemu nyeusi, bonyeza kurudi kifuani kisha bana, usivute chuchu. Siku ya kwanza utapata kijiko cha chai na utakata tamaa. Usikate.

Kadiria kama mililita 30 kwa kila saa ambayo haupo. Kwa saa zako kumi na tatu ni kama 400. Ndani ya nyumba, joto lisipozidi nyuzi 25, maziwa hukaa saa nne. Kwenye friji siku nne, uyaweke nyuma kabisa, usiyaweke mlangoni. Kwenye jokofu linalogandisha, miezi sita. Kwenye mfuko wa baridi wenye vipande vya barafu, hadi saa ishirini na nne, hata kama umekwama Jogoo Road. Kuyapasha, weka chombo ndani ya maji ya moto. Usiyachemshe.

Na badala ya chupa, kikombe. Kikombe kidogo kisicho na pembe kinasafishika chote, chuchu ya chupa huficha uchafu.

Mama_wa_Umoja, baada ya wiki nane, Jumapili saa 2:10 usiku

Nimerudi, mnaouliza kwenye ujumbe nimesikia.

Niliunganisha siku kumi za likizo ya mwaka (Karani, chakula cha mchana ni juu yangu). Nilipoanza kazi nilikuwa na vifuko kumi na vitano vya maziwa kwenye jokofu. Siku ya tatu transfoma ya mtaa ikalipuka, giza siku mbili. Vifuko kumi na kimoja nilivimwaga kwenye sinki kimoja baada ya kingine. Nililia kuliko siku ya kujifungua.

Usiku huo nilifungua lile kopo la juu ya friji. Kisu cha kusawazisha kijiko, maji ya moto, yote kama Kopo_Bila_Aibu alivyosema. Mtoto akanywa, akabeua, akalala. Mbingu haikuanguka.

Kazini sina chumba. Nina stoo ya vifaa, kiti, na mlango ninaozuia kwa katoni. Nakamua mara mbili, ya pili bosi hutazama saa yake. Napata kama mililita 250 kwa siku. Zinazopungua, kopo. Akiniona jioni ananyonya kama mtu aliyekuwa safarini, na usiku ananyonya tena mara tatu, ndiyo maana naandika nikiwa nusu mfu. Uzito umefika kilo 6.5.

Jambo ambalo sikulitegemea: dada wangu wa kazi alishindwa na kikombe, mtoto anamwaga yote shingoni. Mama mkwe akamchukua, akamkalisha wima pajani, akagusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini akasubiri. Hakumimina. Mtoto akatoa ulimi akaanza kulamba kama paka. Kumbe ndivyo alivyomlisha mume wangu akiwa na miezi minne, enzi yeye mwenyewe akishinda kwenye kuchuma majani chai. Hajawahi kunisimulia, na mimi sikuwahi kumuuliza. Ameahirisha kurudi Murang'a.

Kopo_Bila_Aibu, saa 2:25 usiku

Pole kwa vile kumi na kimoja. Na usimwite "nusu nusu" mtoto wako kwa sababu ya ziwa na kopo, nimeona watu wakisema hivyo. Anakula, basi.

Mpita_Njia254, saa 2:41 usiku

Mke wangu anajifungua mwezi ujao. Huo mfuko wa baridi uliupata wapi na unaingia vifuko vingapi?

Mama_wa_Umoja, saa 2:44 usiku

Soko la Gikomba, upande wa mikoba ya mitumba. Chunguza zipu kabla ya kulipa. Vinaingia vinne na barafu mbili, ukikunja leso chini visigongane.